Ampli ya Masera

Espérance alinipigia simu nikiwa dukani kwangu Kanyosha, mkasi mkononi, nampimia mteja kitambaa. Aliniambia kwamba Jumamosi wanaondoa matanga ya mume wake, Athanase, na nisikose. Mazikoni sikwenda. Habari za kifo zilinifikia kama zinavyofika habari zote hapa, kupitia mtu aliyekuja kununua kitu kingine, nikasema "pole yao" na kuendelea kukunja vitenge vyangu. "Goreth, ma chère, kuya utuchekeshe," alisema Espérance. "Watoto wanataka wasikie ile histoire ya Fizibule. Baba yao alikuwa anaipenda sana. Kila Noeli anaisimulia, nyumba mzima wanakufa na kicheko." Nilimuuliza kama ananiita nilie au nichekeshe. "Kulia tumeshalia," akanijibu. "We kuya tu."

Fizibule ni mimi. Ni ile fyuzi, kijikioo chenye uzi ndani, ambao hukatika ili chombo kisiungue. Watu wa rika langu wakikutana nami mjini bado wananipungia mkono na kuniita hivyo, na wengi wao jina langu la ubatizo hawalijui kabisa. Hadithi wanayoijua ni ya msichana mmoja mjuaji aliyeunguza ampli katikati ya harusi ya watu kwa sababu gitaa hakuliweza. Ni hadithi nzuri, inachekesha, na Athanase alikuwa msimuliaji hodari, hilo simnyimi. Lakini mimi nilikuwapo, na sikuwahi kucheka. Basi mwaka ule nitausimulia hapa jinsi ulivyokuwa, nao wanaonipungia mkono wakipenda wasome.

Ulianza kwa zawadi. Masera mmoja, ndivyo tulivyowaita watawa, alikuwa amekuja kutoka Kanada kutufundisha kuimba shuleni, na kwa kuwa mimi nilikuwa na sauti ya chura lakini vidole vyepesi, akanifundisha gitaa. Alipoitwa kurudi kwao aliniachia gitaa la umeme na ampli yake, mashine ya kukuza sauti. Siku hizi vijana wanabeba ampli mkoba mmoja na daftari zao. Ile ilikuwa sanduku zito la mbao, nyuma yake zimepangwa lampu za kioo ambazo ukiwasha zinakaa kimya kwanza, zinapata moto polepole, zinakuwa nyekundu, ndipo sauti inakuja. Kitambaa cha mbele kilikuwa kimechanika safarini. Nilikitoa, nikashona kipande cha kitenge cha kijani chenye ndege wa njano, na nilikaza mishono mpaka kidole kikatoka damu. Masera alicheka alipowaona wale ndege. Kisha akawa makini, akaniambia jambo moja ambalo alilirudia hadi mlangoni: mashine hii ni ya kwao, inakula umeme wa mia na kumi, na kuta za Bujumbura zina mia mbili na ishirini. "Ukiichomeka ukutani moja kwa moja," alisema, "itakuimbia mara moja tu."

Nilikwenda mtaa wa Asiatique kwa Selemani, Mwislamu mkazi wa siku nyingi wa mji huu, aliyekuwa na karakana ya kusuka mota na transfo, vile vifaa vya kupandisha na kushusha umeme, nyuma ya duka la ndoo. Palinuka vanishi na waya wa moto. Alisikiliza maneno ya masera, akatabasamu. "Mia mbili ishirini ni jina," alisema. "Mangaribi watu wakiwasha plaki zao za kupikia na pasi zao, inateremuka, unabaki na mia moja na makumi saba. Wakizima, inapanda kama haina adabu. Ampli yako itakula nini?" Akanitengenezea transfo yenye kishikio cha kuzungusha na saa ndogo yenye sindano ya kuonyesha volti. Umeme wa ukutani ukishuka, unazungusha kwenda kulia. Ukipanda, unarudisha kushoto haraka, na sindano inabaki penye mia na kumi. "Mi nakuambia kintu kimoja, dada," akaongeza huku akiufunga mzigo kwa kamba. "Hii haiachwe peke yake. Inataka mutu." Niliondoka na furaha yangu. Sikujiuliza mtu huyo atakuwa nani.

Nikaenda nayo kuomba nafasi katika orchestra ya Athanase, iliyofanyia mazoezi mtaa wa Bwiza, sebuleni kwa mama yake, chumba cha rangi ya bluu kilichobanduka hadi usawa wa mabega kwa sababu ya migongo ya watu. Athanase alipiga gitaa la solo, alikuwa na meno mazuri na shati za mikono mirefu wakati wote, hata joto la mchana likiwaka. Espérance aliimba. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka michache, mrembo, na alinikaribisha kwa kunishika mashavu, nikampenda papo hapo. Nilipiga nyimbo mbili mbele yao, wakaniambia nikae nje kidogo wajadiliane. Nje ilikuwa jikoni, ambako mama yake Athanase alikuwa anakaanga ndagala, dagaa wa ziwani, na kati ya jiko na sebule palikuwa na pazia tu. Nikamsikia mpiga besi anauliza, "Sasa huyu mutoto wa kike tumuchukue?" Athanase akamjibu, "Tunachukua ampli. Yeye ni carton tu, inakuya pamoja na kintu." Wakacheka, na kicheko cha Espérance kilikuwa chepesi kuliko vyote. Mama yake Athanase alinitazama, akajua nimesikia, akaniwekea ndagala kwenye sahani na kipande kikubwa cha ugali wa muhogo. Nilikula. Nilijiambia kwamba wakinisikia vizuri watabadilika. Nilikuwa msichana wa kujiambia mambo.

Nataka ieleweke nilichokitaka, kwa sababu baadaye walisema nilitaka makubwa. Nilitaka kupiga gitaa langu katika ampli yangu mbele ya watu. Sikuomba niwe kiongozi, sikuomba picha. Lakini siku ya kwanza Athanase alichomeka gitaa lake katika ampli ya masera, akafumba macho, na tangu hapo waya wa gitaa langu haukupata nafasi. Niliambiwa nijifunze nyimbo kwanza. Nilipozijua, nikaambiwa nijifunze kusimama. Wakati huo wote nilikaa nyuma kwenye kigoda, mkono kwenye kishikio, macho kwenye sindano, maana mashine inataka mtu na mimi ndiye niliyekuja nayo.

Juma moja fizibule ya ampli ilikatika katikati ya wimbo. Nilifurahi, ndiyo kazi yake; umeme ulikuwa umeruka na ile fyuzi ilijitoa roho ikaokoa vilivyobaki. Tulizunguka mjini, ya aina ile haikupatikana. Athanase akachomoa kioo kilichoungua, akachuna uzi wa shaba kutoka kwenye waya wa pasi ya mama yake, akauzungushia mahali pale. Watu wengi hufanya hivyo hadi leo, nyumba nzima za Bujumbura zinasimama juu ya uzi wa shaba na sala. Nilimwambia kwamba sasa hakuna kitakachokatika, umeme ukiruka utakwenda hadi ndani. "Haina shida," akasema, akanipiga kofi la begani mbele ya wote. "Sasa fizibule ni we. Ikiungua, ni we umeungua." Jina likapatikana. Kabla ya jua kuzama hata mama yake alikuwa ananiita nikale kwa jina hilo, naye hakuwa na ubaya.

Kuna jambo nililigundua pale kwenye kigoda na ambalo sikumwambia mtu kwa muda. Ukiiacha sindano chini kidogo ya mia na kumi, karibu na mia, ampli inabadilika sauti. Inakuwa nzito na laini, ina kikohozi kidogo mwishoni mwa noti, kama mtu mzima anayeimba akitoka kulia. Ukizidi kushusha inakufa. Mahali pazuri palikuwa padogo, na umeme wa Bujumbura hautulii, kwa hiyo nilikuwa nazungusha wakati wote, kadiri ya unywele kulia, kadiri ya unywele kushoto, nikiusikiliza wimbo. Nilipoanza kupaweza, watu walianza kuja Bwiza kusimama dirishani. Walisema Athanase ana vidole vya ajabu. Yeye mwenyewe aliamini. Siku moja niliumwa malaria, mpiga ngoma akakaa kwenye sindano akaiweka penye mia na kumi sawasawa, na nikaambiwa kwamba siku ile Athanase alipiga kama mtu anayegonga sufuria. Nilipopona alinijia kwa upole. "We unafanya nini na hiki kintu?" aliuliza. Nikamwonyesha kwa fahari. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikifungulia vifungo.

Kujua kulimfanya awe mbaya zaidi. Mtu anayekudharau bila kukuhitaji huchoka, lakini anayekuhitaji hachoki. Alianza kuniita kwa kidole. Tulipokula alisema fizibule haile nyama, itapanda volti, na wao wakacheka, na Espérance, aliyekuwa amekaa ubavuni kwake siku hizo, akainua kipande cha nyama kutoka sahani yangu akamlisha. Nilimwambia Espérance faraghani kwamba nataka kupiga, wimbo mmoja tu, anisemee. Alinisemea kweli, sitamnyima haki yake. Athanase alichokonoa meno kwa kijiti, akasema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Umeinama vizuri, Fizibule. Harusi ya Mutanga Sud utapiga wimbo wa maharusi. Mi nitakaa kwenye sindano." Nililia kwa furaha mbele yao, jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka natamani kujipiga.

Harusi ilikuwa mchana, mtaa wa Mutanga Sud, kwenye bustani ya nyumba karibu na chuo kikuu, viti vyeupe, maturubai, wazee wa pande mbili wakitupiana maneno matamu juu ya ng'ombe wa mahari kwa muda mrefu hata bia zikapata joto. Nilikuwa na gauni la kijani nililolishona mwenyewe ili nilingane na wale ndege wangu. Zamu yetu ilipofika nikasimama mbele, na Athanase akaenda kukaa kwenye kigoda changu akikunja suruali yake isishike vumbi. Niligeuka kumwangalia. Sindano ilikuwa mahali pazuri, pale nilipomfundisha. Akaniitikia kwa kichwa.

Nikapiga. Sitajisifu, nitasema tu kilichotokea. Wazee waliokuwa wanaongea wakanyamaza. Bibi harusi, ambaye alikuwa amekaa kama sanamu tangu asubuhi, aliinua uso. Mwanamke mmoja mzee upande wa bwana harusi akapiga vigelegele, na wengine wakamfuata, na ile sauti nzito yenye kikohozi ilikuwa inatoka kwenye vidole vyangu kwa mara ya kwanza, nami nilisikia kifua kikinifunguka. Mtu mmoja alisema kwa sauti, "Mbona huyu anamushinda Athanase?" Nilimsikia vizuri. Athanase naye alimsikia. Niligeuka nikitabasamu, ili tucheke pamoja, na nikamwona akinitazama usoni, hatazami sindano, na mkono wake unazungusha kishikio kwenda kulia. Hakuzungusha kama mtu aliyekosea. Alizungusha kama mtu anayefungua bomba, polepole, mpaka mwisho, na macho yake hayakuniacha.

Ampli ikapiga kelele. Ilikuwa kubwa mno, ngumu, safi, watu wakaziba masikio. Lampu zikawa nyeupe. Uzi wa shaba haukukatika, ungekatikaje, na harufu ya vanishi ile ya karakana kwa Selemani ikaja, kisha moshi mzito ukapita katikati ya ndege wangu wa njano ukaenda moja kwa moja kwenye meza ya maharusi. Bibi harusi akaanza kukohoa. Nikakimbilia waya, nikauchomoa, nikapiga kelele, "Ameizungusha! Athanase ameizungusha, nimemuona!" Watu walinitazama, wakamtazama Athanase, na kwa punde lolote lingewezekana. Kisha Espérance, aliyekuwa ameshika mikrofoni, akacheka. Mikrofoni ilikuwa kwenye spika nyingine, kicheko kikasikika bustani nzima. "Asiyejua kucheza anasema uwanja ni mubaya," alisema ndani ya mikrofoni. Basi ikawa ruhusa. Wakacheka wazee, wakacheka vijana, bibi harusi akacheka na machozi ya moshi, na mpiga ngoma akaanza kupiga akiimba "Fizibule imeungua, Fizibule imeungua," mpaka bustani yote ikaitikia.

Kesho yake Athanase alifika kwetu na baiskeli ya mizigo, mpole, na mafuta kichwani. Aliniambia ampli imekufa, transfo ya ndani imeyeyuka, si kitu tena, na kwamba mtoto wa kike hawezi kubeba mzoga ule kuutupa, yeye atanisaidia. Akachukua na ile transfo yenye sindano. "Usilie, Fizibule," alisema akifunga kamba. "Itakuwa histoire nzuri siku moja." Nilimwacha aichukue kwa sababu sikuweza kuvumilia kuiona. Kabla mwaka haujaisha orchestra ilivunjika, Athanase akamwoa Espérance, na nikasikia kwamba amenunua ampli yake mwenyewe kutoka Nairobi, anaipigia nyumbani kwake jioni. Gitaa langu nililiuza. Nikajifunza kuuza vitambaa, kazi ambayo nimeifanya vizuri, na sijashika nyuzi tena.

Kwa hiyo Jumamosi nilivaa, nikaenda. Palikuwa na turubai uani, viti vya plastiki, fanta na bia, ndugu wengi niliowajua kwa sura tu. Mbele waliweka picha ya marehemu juu ya kitu kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe cha lesi, mshumaa kando. Picha nzuri, ameyaonyesha meno. Nilipopita kutoa heshima, nilitazama chini ya lesi, mahali ilipoishia, nikaona kijani. Kilikuwa kimepauka karibu kuwa kijivu. Nikainua lesi kwa vidole viwili, na ndege wakaniangalia, na mishono ilikuwa yangu.

Kijana wa kwanza wa Athanase alidhani napendezwa. "Hiyo ndiyo ampli ya papa, Mama Mkubwa," alisema kwa heshima zote. "Ilikuwa ya mia na kumi, ya kizungu. Papa akaisukishia transfo mupya Asiatique, akaitia mia mbili ishirini. Sasa inaenda direct ukutani, haitaki mutu." Nilimuuliza ilikuwa lini. "Mbele nizaliwe. Mama anasema ni mwaka wa ndoa yao. Lampu hazikuwa zimeungua, ni transfo tu." Aliniambia kwamba baba yake aliipenda kuliko gari. Marafiki wote wa orchestra walikuwa wanakuja kuipiga hapa, siku za sikukuu. Nikatazama viti vya mbele. Mpiga besi alikuwa pale, mzee sasa, na mpiga ngoma, wakanipungia mkono.

Baba mdogo wa marehemu alisimama akaomba utulivu. Kwetu siku ya kuondoa matanga hiyo ndiyo desturi, familia inauliza hadharani. "Kama kuna mutu iko na neno na Athanase, aseme leo," alisema, "aende mwepesi." Ndipo Espérance, aliyekaa karibu na picha na kanga mabegani, akaniita huku ameanza kutabasamu. "Fizibule! Simama utupe ile yako." Watoto wakapiga makofi.

Nikasimama, nikawapa. Niliwapa sebule ya bluu, wakacheka. Niliwapa uzi wa shaba wa pasi ya bibi yao, wakacheka zaidi, kwa kuwa sehemu hiyo waliijua. Niliwapa bustani ya Mutanga Sud na vigelegele. Kisha nikawaambia aliyekuwa kwenye kigoda ni nani, alikuwa anatazama wapi, na mkono wake ulikwenda upande gani, na nikawaambia ampli ile iko wapi sasa hivi na nani amewekwa juu yake. Kicheko kilikatika upande mmoja baada ya mwingine. Mpiga ngoma alitazama viatu vyake.

"Goreth," Espérance akasema. "Juu ya nini haukusema siku ile?"

"Nilisema," nikamjibu. "Ni we ulicheka wa kwanza."

Nikaenda mbele. Nikazima mshumaa kwa vidole, nikaondoa lesi, nikainua picha ya Athanase kutoka juu ya ampli, nikampelekea Espérance pale alipokaa. "Shika bwana yako," nikamwambia. "Hii ni yangu." Akaipokea kwa mikono miwili, kama tunavyofundishwa kupokea zawadi.